Beki kinda wa Kijerumani na njia nne: avumilie, azunguke, ashuke na timu au aruke mapema?

Chukua beki wa kati mwenye miaka 19. Amekulia kwenye akademi ya klabu ya Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani, mkataba wake umebakiza miaka miwili, na mbele yake kuna wazoefu watatu wanaogombea nafasi mbili. Wakala wake ana simu tatu: klabu nyingine ya Bundesliga inamtaka kwa mkopo, klabu ya Denmark inamhakikishia kucheza, na klabu ya England inataka kumnunua moja kwa moja. Kocha wake anamwambia avumilie. Amsikilize nani?

Swali hili linaulizwa Ujerumani kila dirisha la usajili la kiangazi. Tangu aibu ya Euro 2000, ambako Ujerumani ilitoka hatua ya makundi bila kushinda mechi hata moja, klabu zote za madaraja mawili ya juu zililazimishwa kuwa na akademi rasmi. Vijana wanaofundishwa vizuri wapo wengi. Nafasi za kucheza ndizo chache: timu 18, kila moja ina mabeki wa kati wawili au watatu uwanjani, basi.

Ili tusibaki kwenye nadharia, nimechukua wanne ambao tayari tumeona walikofika. Nico Schlotterbeck alizaliwa Desemba 1, 1999. Yann Aurel Bisseck, Novemba 29, 2000. Malick Thiaw, Agosti 8, 2001. Armel Bella-Kotchap, Desemba 11, 2001. Kati ya mkubwa na mdogo kuna miaka miwili na siku kumi. Wote ni mabeki wa kati, wote wamelelewa na akademi za Ujerumani, wote wameitwa timu ya taifa ya wakubwa. Ila kila mmoja alipita mlango wake, na milango hiyo ndiyo nataka kuilinganisha.

Beki si winga

Ushauri mwingi wanaopewa makinda umetungwa kwa washambuliaji. Winga wa miaka 18 anaweza kuingizwa dakika ya 75 timu ikiwa nyuma, akapiga chenga mbili, akafunga, na wiki ijayo akaanza. Akikosea, amepoteza mpira tu. Beki wa kati haingizwi dakika ya 75 isipokuwa mtu ameumia au timu inalinda ushindi. Kocha akipata jozi inayoelewana haiguswi, hata kama kijana aliyeko benchi anafanya mazoezi kama simba. Na kosa la beki linaandikwa kwenye ubao wa matokeo.

Kwa hiyo kwa beki, “klabu kubwa au ndogo?” ni swali la pili. La kwanza ni hili: pengo liko wapi? Nani ameuzwa, nani ana goti bovu, nani ametimiza miaka 34, kocha anacheza na mabeki wangapi? Katika wanne hawa, kila aliyefanikiwa alifika mahali penye pengo lenye umbo lake.

Schlotterbeck: mkopo mmoja, nyumbani, kisha kurudi

Nico alitokea eneo la Stuttgart, akapitia Karlsruhe, akaingia Freiburg mwaka 2017. Freiburg ni klabu ya aina yake. Kocha Christian Streich alikuwa mwalimu wa akademi hiyo hiyo kabla ya kupewa timu kubwa, na alidumu hadi 2024. Kinda wa Freiburg hakuhitaji kujiuliza kama kocha wa mwaka kesho atamjua jina.

Alicheza Bundesliga kwa mara ya kwanza Machi 2019. Msimu uliofuata hakupata namba ya kudumu, ndipo msimu wa 2020/21 akapelekwa kwa mkopo Union Berlin kwa kocha Urs Fischer. Tazama uchaguzi ulivyokuwa makini: ligi ileile, lugha ileile, timu inayocheza na mabeki watatu, hivyo kuna nafasi moja zaidi ya beki wa kati, na kocha anayependa kulinda kwanza. Union ikamaliza ya saba na kukata tiketi ya Ulaya. Nico hakucheza kila wiki kwa sababu majeraha yalimkwamisha mwanzoni, ila aliporudi Freiburg hakuwa tena kinda. Kiangazi hicho cha 2021 alikuwa ameshatwaa ubingwa wa Ulaya wa vijana chini ya miaka 21 (U21) na Ujerumani, Dominique Heintz alikuwa ameondoka Freiburg, na pengo likawa lake.

Msimu wa 2021/22 ndio uliomtengeneza. Freiburg ilimaliza ya sita na kufika fainali ya Kombe la Ujerumani, ikafungwa na Leipzig kwa penalti. Machi 2022 alichezea timu ya taifa kwa mara ya kwanza, dhidi ya Israel. Kiangazi Dortmund ikamnunua kwa fedha iliyoripotiwa kuwa karibu euro milioni 20.

Kuna jambo moja ambalo wanaomsifia huyu husahau kulitaja: anatumia mguu wa kushoto. Beki wa kati wa mguu wa kushoto anayeweza kupiga pasi ndefu ya mita 50 ni bidhaa adimu, na mwenye bidhaa adimu anaweza kungoja. Pasi ya namna hiyo ndiyo iliyompa Niclas Füllkrug bao dhidi ya PSG kwenye nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa 2024. Kinda wa mguu wa kulia, wa kawaida kwa kila kitu, asijipimie kwa subira ya Nico.

Na kama unadhani njia yenyewe ndiyo iliyomfikisha, mtazame kaka yake. Keven Schlotterbeck, beki wa kati vilevile, mkubwa kwa miaka miwili na nusu, alitoka nyumba ileile, akaichezea Freiburg hiyohiyo, na kabla ya Nico alikuwa ameshaenda Union Berlin kwa mkopo msimu wa 2019/20. Ngazi zilezile. Keven akawa mchezaji mzuri wa Bundesliga, akapita Bochum na mwaka 2024 akatua Augsburg. Ni maisha mazuri ya mpira, lakini si fainali ya Ligi ya Mabingwa pale Wembley wala jezi ya taifa. Njia humfikisha mtu mlangoni. Zaidi ya hapo ni mguu wake.

Bisseck: mizunguko hadi mtu akusahau

Huyu ndiye ninayempenda zaidi kumsimulia, maana hadithi yake ilianza pale ambapo wengi wangetaka iishie. Novemba 26, 2017, siku tatu kabla ya kutimiza miaka 17, aliichezea 1. FC Köln dhidi ya Hertha Berlin. Akawa Mjerumani mdogo kuliko wote kuwahi kucheza Bundesliga hadi siku ile. Magazeti yakaandika.

Ila soma mazingira. Köln ilikuwa mkiani ikiwa na pointi mbili, mabeki wamejaa wodini, na kocha Peter Stöger alifukuzwa wiki moja baadaye. Kijana hakupandishwa kwa sababu kulikuwa na mpango naye. Alipandishwa kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine. Pengo lilikuwapo kweli, lakini la dharura, na pengo la dharura hujaa mara majeruhi wanaporudi. Alicheza mechi chache tu, Köln ikashuka daraja, naye akawa jina la kwenye orodha ya rekodi.

Baada ya hapo ni mikopo juu ya mikopo. Holstein Kiel, daraja la pili Ujerumani, mwanzoni mwa 2019: hakupata nafasi. Roda JC, daraja la pili Uholanzi, msimu wa 2019/20: korona ikaukata katikati. Vitória Guimarães ya Ureno: aliishia zaidi kikosi cha pili. Ukimpima siku hiyo, akiwa na miaka 20, ungesema huyu kijana amekwisha. Klabu tatu, nchi tatu, na hakuna kocha aliyeona sababu ya kumbakiza.

Kisha Aarhus ya Denmark, 2021. Nayo ilikuwa kwa mkopo kwanza, mwaka uliofuata wakamnunua. Kilichobadilika ni nini? Si ligi kubwa zaidi, maana Denmark si Ureno. Alipata kwanza mechi mfululizo. Halafu mwaka 2022 akaja kocha Mjerumani, Uwe Rösler, aliyecheza na mabeki watatu na kumweka upande wa kulia wa wale watatu: mahali ambapo beki wa mita 1.96 mwenye miguu mizuri anaruhusiwa kupanda na mpira. Aarhus, iliyokuwa imeponea chupuchupu kushuka msimu wa nyuma yake, ikamaliza ya tatu.

Sasa nani barani Ulaya alikuwa anacheza na mabeki watatu na kumtaka yule wa upande wa kulia apande? Inter ya Italia, chini ya kocha Simone Inzaghi. Kiangazi cha 2023 wakamchukua kwa takriban euro milioni 7. Wengi Milano waliuliza ni nani huyu. Vuli hiyo Benjamin Pavard akaumia goti, pengo likafunguka, na Bisseck akawa tayari kwa namba aliyoifanyia kazi Denmark. Desemba akafunga dhidi ya Lecce, Machi 2024 akafunga bao pekee la ushindi Bologna, na Aprili 22 Inter ikatwaa ubingwa usiku wa derby dhidi ya Milan ya Thiaw. Machi 2025 kocha wa Ujerumani, Julian Nagelsmann, akamwita timu ya taifa.

Kwa haki ya mlinganisho tuseme na upande wa pili. Mei 2025, dhidi ya Lazio, alifunga bao kisha dakika za mwisho akaunawa mpira, ikawa penalti, ikawa 2-2, na Napoli wakachukua ubingwa kwa tofauti ya pointi moja. Wiki mbili baadaye, kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa waliyopigwa 5-0 na PSG, aliingia kipindi cha pili akatoka ameumia muda mfupi baadaye. Juu kabisa nako kunauma, ila anaumia akiwa kwenye fainali.

Thiaw: kuzama na meli, kupanda nayo, ndipo kuondoka

Malick Thiaw, mzaliwa wa Düsseldorf, baba Msenegali na mama Mfini, alikuwa Schalke wakati klabu hiyo inaporomoka. Msimu wa 2020/21 Schalke ilipata pointi 16 tu, ikatumia makocha watano, na mfululizo wa mechi bila ushindi ulifika 30, mmoja pungufu ya rekodi ya Tasmania Berlin ya 1966. Hebu fikiria kujifunza ubeki humo, na miaka 19.

Hapa ndipo ushauri wa kawaida unasema: kimbia. Hakukimbia. Alibaki akacheza daraja la pili msimu mzima wa 2021/22, Schalke ikarudi ikiwa bingwa wa daraja hilo. Wengi hulidharau daraja la pili la Ujerumani, na mimi naona ni kosa. Kwa beki ni shule kali: mipira mirefu, washambuliaji wa miaka 32 wanaojua kila ujanja wa kiwiko, viwanja vinavyojaa, na timu yenye jina kama Schalke ikicheza kila wiki dhidi ya mtu anayetaka kuiaibisha. Miezi kumi ya hivyo ina faida kuliko miaka miwili ya kusugua benchi ligi kuu.

Agosti 2022 akaenda AC Milan, waliokuwa mabingwa wa Italia, kwa bei iliyoripotiwa kuwa euro milioni 7 hivi. Miezi mitano ya kwanza alikaa benchi. Hili ni la kawaida na halikuwa balaa, maana alikwenda akiwa na msimu mzima miguuni. Januari 2023 Milan ikavunjika: 3-0 na Inter, 4-0 na Lazio, 5-2 nyumbani na Sassuolo. Kocha Stefano Pioli akabadili mfumo kuwa mabeki watatu, Fikayo Tomori akawa majeruhi, na Februari Thiaw akaanza. Siku chache baadaye alimkabili Harry Kane wa Tottenham San Siro, Milan ikashinda 1-0, na pembeni yake alikuwa Simon Kjær, mzoefu anayeongea kila sekunde. Kinda anayechagua klabu aangalie pia nani atasimama kando yake. Juni mwaka huo akavaa jezi ya Ujerumani Warsaw.

Kisha mawimbi. Septemba 2023 Inter iliwapiga 5-1 na Marcus Thuram alimtesa. Novemba, dhidi ya Dortmund, msuli wa nyuma ya paja ukachanika, ukamweka nje kwa miezi. Agosti 2025 Newcastle ikamnunua kwa fedha iliyoripotiwa kuwa pauni milioni 35 hivi, mara kadhaa ya bei ya Schalke, na Novemba akafunga mabao mawili ugenini kwa Everton. Kufika England akiwa na miaka 24 na Ligi ya Mabingwa mgongoni ni tofauti kabisa na kufika na miaka 20.

Bella-Kotchap: kuruka moja kwa moja

Hapa nitakuwa mfupi, kwa sababu tukio ni moja. Armel, mwana wa Cyrille Florent Bella aliyewahi kuichezea Cameroon, alikuwa beki wa Bochum iliyopanda daraja 2021 na msimu uliofuata ikazifunga Bayern 4-2 na Dortmund 4-3. Akiwa na miaka 20, msimu mmoja tu wa Bundesliga nyuma yake, akauzwa Southampton ya England kiangazi cha 2022.

Haukuwa uamuzi wa kijinga. Kocha Ralph Hasenhüttl alizungumza Kijerumani na alijulikana kwa kuamini vijana. Kijana alianza mechi, Septemba akaitwa na kocha wa timu ya taifa, Hansi Flick, na mwishoni mwa mwaka alikuwa Qatar kwenye Kombe la Dunia. Kwa kasi, aliwapita Bisseck na Thiaw kwa mbali. Lakini Oktoba bega lilitoka mahali pake. Novemba Hasenhüttl akafukuzwa, akaja Nathan Jones, naye akafukuzwa Februari, akamalizia Rubén Sellés. Makocha watatu msimu mmoja, timu ikashuka ya mwisho na pointi 25. Mkopo wa PSV ya Uholanzi uliofuata uliharibiwa na bega lilelile. Mwaka 2025 alitua Hellas Verona ya Italia, akiwa na miaka 23, kuanza kujijenga upya.

Anayesema pesa ilimharibu hajui anachosema. Aliyemnunua aliondoka. Ukihama kwa ajili ya mtu mmoja, uliza mkataba wa mtu huyo unaisha lini, na timu imepoteza mechi ngapi za mwisho.

Ukiwaweka bega kwa bega

Anza na mechi. Schlotterbeck na Thiaw kila mmoja alikuwa na msimu mzima kama tegemeo ndani ya Ujerumani kabla ya klabu kubwa. Bisseck aliupata Denmark. Bella-Kotchap alikuwa nao pia, hivyo hakuruka patupu kama watu wanavyodhani. Tofauti yake ni kwamba alienda kwenye timu inayofungwa, wakati Thiaw alienda kwa mabingwa na Schlotterbeck kwa timu ya Ligi ya Mabingwa. Beki kinda katika timu inayozama hupata dakika nyingi, lakini hujifunza kuokoa tu, hajifunzi kutawala. Thiaw alizama mapema, akiwa nyumbani, na mwaka uliofuata akawa upande wa washindi. Hiyo ndiyo iliyomwokoa.

Mfumo. Hili wazazi na hata mawakala huliruka. Watatu kati ya wanne walipata upenyo kwenye timu yenye mabeki watatu nyuma: Nico Union, Bisseck Aarhus na kisha Inter, Thiaw Milan ya Pioli. Sababu ni ya hesabu tu. Nafasi tatu badala ya mbili, na ukikosea kuna mwenzako nyuma yako. Kama ofa mbili zinalingana, mimi ningechagua ya kocha wa mabeki watatu bila kufikiri mara mbili, hata mshahara ukiwa pungufu.

Timu ya taifa. Njia ya ndani ni ya haraka na ya uhakika zaidi, maana kocha wa taifa anakuona kila Jumamosi. Nico aliitwa akiwa Freiburg, klabu ya kawaida. Bisseck alitwaa ubingwa wa Italia na bado akangoja hadi 2025. Lakini kuitwa mapema kuna gharama yake. Huyo Nico alisababisha penalti kwenye mechi yake ya kwanza na Israel, tena Wembley kwa kumchezea rafu Jude Bellingham Septemba 2022, na Novemba Takuma Asano akamponyoka, Japan ikaifunga Ujerumani 2-1 Kombe la Dunia. Makosa matatu ndani ya miezi tisa, mbele ya dunia nzima. Alikuwa na klabu iliyomwamini wiki iliyofuata. Kinda ambaye kwenye klabu yake anakaa benchi asingesimama tena.

Pesa. Kwenye uhamisho wa kwanza mkubwa, Freiburg ilivuna kuliko wote kwa sababu ilingoja. Upande wa mchezaji mwenyewe, Thiaw amefanya hesabu nzuri: alienda kwa bei nafuu akiwa na miaka 21, akacheza kwa shinikizo dogo la bei, akauzwa ghali na miaka 24. Beki aliyenunuliwa kwa milioni 30 na miaka 19 hana ruhusa ya kukosea.

Afya sijui niiweke wapi, maana haichaguliki. Thiaw na paja, Bella-Kotchap na bega, Nico na goti lililomkatisha msimu Aprili 2025. Ninachoweza kusema ni kwamba jeraha lilimkuta Thiaw na Nico ndani ya klabu zilizokuwa na sababu ya kuwangoja. Bella-Kotchap lilimkuta kwenye klabu iliyokuwa inabadili makocha.

Kwa hiyo nani amfuate nani

Kama klabu yako ina kocha aliyekaa, na mkurugenzi wa michezo anaweza kukutajia nani ataondoka na lini, baki na uchukue njia ya Nico: mkopo mmoja, ndani ya ligi, kwa mwaka mmoja. Nasema mmoja kwa makusudi. Ukipewa mkopo wa pili mfululizo bila mazungumzo ya nafasi yako, umeshaambiwa jibu.

Kama klabu imeshuka daraja na wewe una miaka 19 au 20, usiombe kuuzwa wiki hiyohiyo. Wazoefu watauzwa, mishahara yao haibebeki, na wewe utaanza. Cheza msimu mmoja kama Thiaw, kisha ondoka ukiwa na mechi 30 na medali.

Kama una miaka 20 na hakuna anayekupigia, nenda Denmark, Austria, Uholanzi, Ubelgiji, popote. Lakini soma mizunguko ya Bisseck kwa makini: tatu za kwanza hazikuwa na mtu upande wa pili aliyemhitaji. Ya nne ilikuwa na klabu iliyotaka kumnunua. Mkopo wenye haki ya kununua humfanya kocha akufundishe kama mali yake. Mkopo mkavu humfanya akulinganishe na kijana wake mwenyewe, na kijana wake atashinda.

Njia ya Bella-Kotchap siikatazi. Ningeikubali kwa masharti mawili: klabu inayonunua iwe ilimaliza nusu ya juu ya msimamo, na mkataba uwe na kipengele cha kuondoka kwa bei ya chini timu ikishuka. Bila hicho cha pili, unashuka nayo huku bei yako ikiwa imebaki juu, na hakuna anayekuja.

Imebaki njia ya tano ambayo wanne hawa hawakuitegemea: kubaki kikosi cha pili. Baadhi ya vikosi hivyo viko daraja la tatu, vingi viko Regionalliga, daraja la nne. Kwa miaka 18 ni sawa, unajifunza kugongana na wanaume. Tangu 2014 klabu hazilazimiki tena kuwa na kikosi hicho, na baadhi zilikifuta. Ukifika miaka 20 ukiwa bado huko na kocha wa timu kubwa hajakuita hata kwenye kambi ya maandalizi, mpigie wakala wako kabla ya Januari, maana orodha za mikopo hujaa mapema kuliko dirisha linavyofungwa.

Mwenye chini ya miaka 18 ana kinga moja ambayo wazazi wengi hawaijui: kanuni za FIFA haziruhusu mkataba wake kuzidi miaka mitatu. Klabu ikileta karatasi ya miaka mitano kwa mtoto wa miaka 16, ikisindikizwa na maneno matamu kuhusu “mradi wa muda mrefu,” irudishe. Na usisaini hiyo ya mitatu kabla hujamuuliza mkurugenzi, mbele ya kocha, beki gani wa kikosi cha kwanza mkataba wake unaisha mwaka ule kijana atakapotimiza 19.